DD-214 haina beji ya mapigano: tafuta karatasi ya jioni ile ile

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili pamoja na majibu yote ya wadau. Kwa wanaopita tu: jamaa alikuwa mpishi katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, akapelekwa Iraki 2007, kombora la mota likatua jirani na bwalo wakati wanagawa chakula cha jioni. Wenzake wawili wakapewa beji ya mapigano, ile CAB. Yeye hakupewa, na leo DD-214 yake, ile hati ya kutoka jeshini, inamwonyesha kama mtu aliyekwenda Iraki kukaanga mayai. Mdau mmoja kamwambia mpishi hastahili. Mwingine kamwambia muda umeshapita. Wa tatu kamtumia namba ya wakili wa dola elfu tatu.

Wote watatu wamekupoteza, na huyo wa tatu ndiye wa kumkimbia. Maombi haya hayana ada hata senti. Ukitaka mtu wa kukushika mkono, nenda VFW, American Legion au DAV, vyama vya wanajeshi wa zamani, wana watu wa kusaidia kujaza fomu bure.

Mimi nilikuwa dereva wa lori, 88M, Kandahar, Afghanistan, 2010 hadi 2011. Beji yangu ilikuja 2018. Katikati hapo nilirudishiwa ombi mara moja na kukataliwa mara moja, na yote mawili yalikuwa makosa yangu mwenyewe, kwa hiyo naanza na hayo.

Nilifika huku kwa bahati nasibu ya green card, nikabeba maboksi mwaka na ushee, kisha nikajiunga. Siku ya tukio msafara wetu ulikuwa unapita kati ya mashamba ya zabibu. Bomu lililotegwa kwenye kalvati likalipua gari la tatu. Mimi nilikuwa la nne. Halafu risasi zikaanza kutoka kwenye vile vibanda vya udongo wanavyokaushia zabibu. Hesabu yangu ni dakika kumi, ya mwenzangu ni ishirini. Mambo ya vita kila mtu na saa yake. Tuliporudi kambini tukapangwa foleni kwa matabibu. Juni 2010 ilikuwa imetoka amri kwamba yeyote aliyekuwa ndani ya mita 50 kutoka kwenye mlipuko lazima apimwe kichwa na apumzike saa 24. Nikaambiwa nitaje miezi kinyumenyume, Desemba kurudi Januari. Nikairuka Agosti. Yule tabibu akaandika. Kumbuka hiyo Agosti, nitairudia.

Siku tatu baadaye nikapigiwa simu kutoka Korogwe: mama amefariki. Nikapewa ruhusa ya dharura, nikaenda kuzika. Wiki zile mbili ndipo sajenti wa platuni alipokuwa anakusanya maelezo ya kiapo ya kila aliyekuwa kwenye msafara ili yapelekwe juu kuombewa CAB. Mimi sikuwepo, jina halikuingia, na hakuna aliyefanya makusudi. Niliporudi nikakuta wenzangu wameshavalishwa. Nikaona aibu kudai. Nitadaije beji na tanga la mama halijapoa?

Mwaka 2013 namaliza mkataba, karani akanionyesha rasimu ya DD-214 kwenye kompyuta, akasema hakiki kisha saini. Nilichohakiki ni jina na anwani. Kisanduku cha 13, ambako nishani, beji na tepe zote zinaorodheshwa, sikukitazama. Vijana mlio kazini bado, kisomeni hicho kisanduku kama mnavyosoma hundi ya mshahara.

Sasa makosa. La kwanza, nilijaza fomu DD-149 na kuipeleka moja kwa moja kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, ABCMR. Ikarudi bila kuamuliwa. Bodi ni mlango wa mwisho; kwanza ilibidi nipite HRC, ofisi ya jeshi ya rasilimali watu iliyoko Fort Knox, Kentucky, kwenye tawi la nishani. La pili, nilipokwenda huko nilituma barua ya kurasa nne. Ilikuwa barua nzuri jamani. Vumbi lilikuwemo, moshi ulikuwemo, mama alikuwemo. Karatasi ya ushahidi haikuwemo hata moja. Jibu: ushahidi hautoshi.

Nilinuna miezi sita. Halafu mstaafu mmoja pale posti ya VFW akanifungua macho: hawa hawaamui kama ulikuwa shujaa, wala hawaamui kama ulikuwepo kweli. Wanaanza kwa kuchukulia kwamba faili la jeshi ni sahihi, na kazi ya kuonyesha kwamba si sahihi ni yako. Hawafanyi upelelezi. Hawatampigia simu kapteni wako. Wana meza, na juu ya meza wanataka karatasi iliyoandikwa wakati ule, na mtu asiyekuwa na faida yoyote ya kudanganya.

Ndipo nikaikumbuka Agosti. Kumbukumbu za matibabu za sisi tuliotoka miaka ile zilikwenda VA, idara ya wanajeshi wa zamani. Nikaziomba. Zikaja, na ndani yake karatasi yenye tarehe ya siku ile ile: mgonjwa alikuwa ndani ya gari, mlipuko ndani ya mita 50, amekosea mwezi mmoja, apumzike saa 24. Jina langu, tarehe, mahali, tukio. Kichwa kilichoniangusha kwenye mtihani ndicho kilichonipa ushahidi.

Cha pili nilimtafuta dereva mwenzangu wa gari la nne, akanitumia nakala ya amri iliyompa yeye CAB. Tukio lile lile, tarehe ile ile, gari lile lile! Karatasi kama hiyo ina uzito kuliko barua ishirini. Kisha watu wawili wakaandika maelezo ya kiapo kwenye fomu ya DA 2823, na hapa nilikuwa mkali: kila mtu aandike kwa maneno yake, aseme alikuwa wapi, aliniona wapi, aliniona nikifanya nini. Maelezo mawili yanayofanana neno kwa neno yananuka. Nikaongeza amri ya kwenda Afghanistan na ile ruhusa ya msiba, kueleza kwa nini jina liliachwa. Barua yangu safari hii ilikuwa ukurasa mmoja.

HRC walikuwa wameshanikataa, kwa hiyo vyote hivyo nilivipeleka kwenye bodi, nayo ilichukua kama miezi kumi na minne. Jibu zuri likija, usisubiri DD-214 mpya. Mara nyingi unapewa DD-215, karatasi ndogo ya masahihisho inayokaa pamoja na ile ya zamani. Mimi nilidhani wamenionea hadi nikaelezwa.

Kuhusu "muda umeshapita": fomu ya DD-149 inataka uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, ni kweli. Lakini fomu hiyo hiyo inakuuliza kwa nini umechelewa, na sheria inairuhusu bodi kuusamehe huo muda kwa ajili ya haki. Usipaache wazi hapo, na usiandike riwaya. Sentensi tatu zinatosha.

Kuhusu "mpishi hastahili": huyo mdau anachanganya beji mbili. Iko CIB, ilianzishwa 1943, ya askari wa miguu na vikosi maalumu tu. Hiyo mpishi hapati hata angepigana na kisu cha jikoni. CAB iliidhinishwa 2005, ikarudishwa nyuma hadi 18 Septemba 2001, na haiangalii kazi yako. Inataka uwe ulikuwepo mwenyewe, ukimshambulia adui au ukishambuliwa naye, kwenye eneo linalolipiwa posho ya hatari. Mpishi, dereva, karani, fundi wa jenereta, wote sawa.

Ila nisikudanganye, kesi ya mota ni ngumu kuliko yangu. Kombora likitua kambini, kambi nzima imelisikia, na kulisikia hakukupi beji. Watataka kujua wewe hasa ulikuwa wapi, na kama ulikuwa karibu kiasi cha kuweza kuumia. Kwa hiyo chora. Bwalo liko hapa, mlango hapa, sufuria ya wali hapa, wewe hapa, shimo hapa, mita ngapi. Wale wenzako wawili wenye CAB walikuwa upande gani wako? Kama walikuwa mbali na shimo kuliko wewe, hiyo amri yao ni dhahabu. Waombe kesho, usingoje Krismasi. Na nenda kwenye kumbukumbu zako za matibabu, hata kama ulikwenda kwa ajili ya masikio tu.

Usitegemee sana kitabu cha matukio cha batalioni. Ni jambo la ajabu, lakini vikosi vingi vya Iraki na Afghanistan havikuhifadhi kumbukumbu zao za uwanjani. Nyingine zilifutwa pamoja na kompyuta wakati wa kufunga virago. Omba, ukipata shukuru.

Nguvu ya karatasi ya wakati ule niliiona vizuri nilipomsaidia mzee mmoja wa kanisani kwetu, Mmarekani, alipigana Vietnam 1968 hadi 1969 kama askari wa miguu. Siku alizosafiri kurudi, vijana walikuwa wanashushwa Oakland, California, wanalishwa nyama, wanavalishwa sare mpya, na wengine wanaachishwa jeshi kabla ya usiku mwingine kuingia. Makarani wanapiga taipu mchana na usiku. DD-214 yake ilikuwa na medali tatu za kawaida. CIB haimo. Purple Heart, medali ya waliojeruhiwa vitani, haimo, na mguu wa kushoto una kovu la kipande cha chuma.

Tukaomba faili lake St. Louis, Missouri, kwenye hifadhi ya taifa ya kumbukumbu za watumishi. Kuna moto mkubwa pale Julai 1973 ulioteketeza mamilioni ya mafaili, ila kwa Jeshi la Nchi Kavu uliwakumba hasa walioachishwa kazi kabla ya 1960, kwa hiyo la mzee lilipona. Ndani yake kuna DA Form 20, kadi ya askari wa enzi hizo. Kisanduku cha 40 ni cha majeraha. Kuna karani, sijui alikuwa wapi, kwenye hema gani, kapiga mstari mmoja: tarehe, kipande cha bomu, mguu wa kushoto. Kisanduku cha 41, cha nishani, CIB imo. Yaani jeshi lenyewe lilikuwa limeandika kila kitu mwaka 1969, tatizo ni mtu wa Oakland hakunakili.

Jina lake likakutwa pia kwenye orodha ya majeruhi wa Vietnam, basi kesi ikaisha. Tena wakamwongezea kitu ambacho hakukiomba: tuzo ya vikosi ya serikali ya Vietnam Kusini, ambayo amri namba 8 ya 1974 iliwapa askari wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani waliokuwa huko. Mzee alikuwa nyumbani miaka mitano ilipotoka. Ingekuwaje kwenye DD-214 ya 1969? Kwa hiyo mkiwa na mkwe au jirani wa Vietnam, mwambieni aombe hakiki ya faili zima, asitaje medali moja tu.

Kinachoniuma ni madereva wa lori wa Vietnam. Walitegewa mabomu barabarani kama sisi, lakini CAB inaanzia 2001 na haiwafikii.

Wale wa Wanamaji na Marines, njia yenu ni nyingine: mna utepe wa mapigano badala ya beji, na bodi yenu ni BCNR. Na anayetaka medali ya ushujaa ambayo haikuwahi kuombwa kabisa, hapo muda ukiwa umepita lazima upitie kwa mbunge wa Kongresi. Mbunge huyo huyo anaweza kukuulizia faili lako limekwama wapi, ila hawezi kuamua.

Sisi watu wa majina matatu tuna mtego wetu. Jeshini nilikuwa natumia jina la babu kama la ukoo. Nilipoapishwa uraia nikabadilisha, nikachukua la baba. Matokeo yake kumbukumbu za matibabu ziko kwa jina moja na leseni yangu kwa jingine. Omba kwa jina la jeshini, ambatanisha cheti cha uraia kinachoonyesha mabadiliko, na eleza kwenye mstari wa kwanza kabisa. Wajane na watoto nao wanaweza kuomba kwa niaba ya marehemu, waambatanishe cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu.

Umeuliza pia kama inasaidia chochote zaidi ya kuning'iniza ukutani. Kwangu ilisaidia. Nilikuwa nadai masikio na usingizi kule VA. Mtu aliyekuwa na faili langu aliona "dereva" na kusita. Beji ya mapigano ni ushahidi kwamba ulipigana, na kwa aliyepigana sheria inaruhusu maelezo yake mwenyewe kuhusu alivyoumia yapewe uzito, hata kama hakuna karatasi ya kila kitu.

Maamuzi ya zamani ya bodi yamewekwa mtandaoni, majina yamefutwa. Tafuta ya CAB na mota, soma kumi yaliyokataliwa kabla ya kusoma yaliyokubaliwa. Mimi nikitoka zamu wiki hii nitafuta majina kwenye lile barua langu la ukurasa mmoja niliweke hapa. La kurasa nne siweki, mke wangu ameshalicheka vya kutosha.