Petroli, Petro na mawese ya Kyela

Wiki hii barua zenu za kuuliza asili ya maneno ni mafuta matupu.

Shikamoo mwalimu. Naitwa Petro, nauza petroli Uyole. Wenzangu wananitania eti kituo ni cha ukoo wetu. Haya majina yana undugu?

Marahaba, Petro. Undugu upo, tena wa damu. Kilatini kina neno petroleum: petra ni mwamba, oleum ni mafuta. Mafuta ya mwamba, maana watu wa kale waliyaona yakichuruzika mawe kwa mawe. Hiyo petra Walatini waliitoa kwa Wagiriki, na huko ndiko lilikotoka jina lako. Soma Mathayo 16:18, "Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu…" Kwa Kigiriki maneno hayo mawili yanaitikiana. Kwetu utamu umepotea. Kwa hiyo wewe ni mwamba tu. Mafuta yamo kwenye kile kipande cha nyuma cha neno petroli.

Basi hiyo "oli" ya mwisho ndiyo oili ya injini? – Fundi, Mwanjelwa

Ndiyo hiyo hiyo. Oleum ya Walatini inatokana na elaion ya Wagiriki, nayo imezaliwa na elaia, yaani mzeituni. Kwao mafuta yalikuwa ya zeituni, kama mtu wa Kyela akisikia mafuta anavyoyaona mawese mekundu kwenye dumu. Waarabu nao vivyo hivyo: mafuta ni zayt, zeituni ni zaytun. Fundi, ukilala chini ya Fuso ukamwaga oili chafu, unamwaga jina la mti wa matunda! Na anayesema "mafuta ya petroli" ametaja mafuta mara mbili. Aendelee tu, hatozwi faini.

Na dizeli? – Dereva, Mafinga

Hilo ni jina la mtu, Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani. Mwaka 1900 huko Paris injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Usijaribu kwenye lori la tajiri.

Bibi yangu Mnyakyusa husema "amafuta". Nani kaazima kwa mwenzake? – Tukuyu

Hakuna. Ni urithi wa Kibantu: Waganda wana amafuta, Wanyarwanda amavuta, Wazulu amafutha. Ufuta nao ni wa ukoo huo, ila kufuta vumbi ni neno jingine kabisa.

Neno letu hili limejificha hata katika jina la bomba la mafuta lipitalo mkoani kwetu Mbeya, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, tangu 1968: Tanzania, Zambia, Mafuta. TAZAMA. Utotoni nilidhani bango linatuamuru tuangalie kitu, nikawa nasimama pale nikichungulia.