Nimerudi kutoka Muscat, nyumbani naonekana mgeni

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Kivule, Dar es Salaam. Kampuni yetu ilinipeleka Muscat kwa mkataba wa miaka 3, na sasa nina miezi miwili tangu nirudi. Nilitamani sana kurudi, lakini sina raha. Mke wangu anaamua kila kitu bila kuniuliza, tena ndani ya nyumba yangu niliyoijenga kwa pesa za Muscat. Mtoto wa mwisho, ana miaka 4, ananikwepa. Nimegundua pia mke wangu alikopa kwenye kikoba kwa siri wakati nilikuwa natuma hela kila mwezi, ukiacha miezi michache mishahara ilipochelewa. Foleni na kelele za huku zimenishinda. Kule kuna utulivu, na nina rafiki anayenielewa. Kampuni inanitaka tena kwa miaka miwili. Nikubali?*

Marahaba mwanangu. Pole. Mtu akikaa ugenini muda mrefu huibeba kichwani nyumba aliyoiacha, na siku akirudi anakuta watu wameshazoea kuishi bila yeye. Hilo linauma, na sikulaumu kwa kuumia.

Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara namwona mkeo vizuri kuliko ninavyokuona wewe.

Unasema alikopa kwa siri. Mstari huohuo unakiri kuna miezi mishahara ilichelewa. Miezi hiyo watoto walikula nini? Ada alilipa nani? Gari la shule linalopita saa kumi na moja na nusu alfajiri halisubiri mshahara wa Muscat. Mwanamke akikwama hapa mjini anakwenda kwa wenzake wa kikoba, anakopeshwa kwa hisa zake, kisha kila wiki anahangaika na marejesho. Nadhani mara ya kwanza alijaribu kukueleza shida, ukamjibu kwa ukali, akajifunza kunyamaza. Kama namsingizia, muulize mwenyewe. Mimi wizi sijauona hapo. Nimemwona mke aliyeisitiri njaa ya nyumba yenu majirani wasijue.

Na hiyo "nyumba yangu" iache kabisa. Wewe ulituma hela. Nani alisimama juani kuhesabu mifuko ya saruji ili fundi asiibe? Mahakama ya Rufani ya nchi hii ilishaamua tangu mwaka 1983 kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na mkeo amefanya hizo na za usimamizi juu yake.

Unalalamika anaamua kila kitu. Mwanangu, umeme ukikatika sasa hivi, namba ya mita ya LUKU unaijua? Mkeo anayo kichwani, na sitashangaa mtoto wako mkubwa akiwa nayo pia. Maji hapo mtaani yanatoka siku gani, na nani anaamka usiku kujaza tangi? Mtu aliyeshika mambo hayo peke yake miaka 3 hawezi kuyaachia kwa sababu tu baba ameshuka uwanja wa ndege na masanduku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi miwili na bado unasubiri kupakuliwa, halafu unashangaa kuitwa mgeni.

Ndoa nyingi za siku hizi zimekuwa za miamala. Mume akishatuma hela anahesabu kwamba ameshakuwa baba kwa mwezi huo. Hata zamani wanaume walisafiri: babu zetu walikwenda umanamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na wapo ambao hawakurudi. Waliorudi walikuwa na udhuru, maana simu hawakuwa nayo. Wewe unayo. Tena Muscat na Dar tofauti ni saa moja tu. Huku ikiwa saa mbili usiku, kule ni saa tatu, na mtoto hajalala bado. Ulipiga mara ngapi kuzungumza naye yeye, na mara ngapi kuuliza kama hela imeingia? Alikuwa na mwaka mmoja ulipoondoka. Hakukwepi kwa chuki, hakujui.

Foleni ya magari pale kituo cha Banana uliiacha na umeikuta, hiyo si sababu ya kuhama nchi.

Sababu yenyewe umeiweka mwishoni: "rafiki anayenielewa." Angekuwa mwanaume ungesema jamaa yangu. Hukusema ni nani wala mnaongea nini, na mimi sitakuuliza. Lakini mtu ambaye hajawahi kukuona ukidaiwa ada wala ukikosa usingizi kwa homa ya mtoto, kukuelewa kwake ni rahisi mno. Mkeo anakuelewa kwa gharama. Kama kuna lililoanza kule, likate wewe mwenyewe kabla halijafika Kivule.

Mkataba usisaini. Iambie kampuni unahitaji muda, na safari hii kama ni kwenda, uamuzi mfanye wawili, akiwa na haki ya kusema hapana.

Leo usiku watoto wakilala, mwombe mkeo alete daftari la kikoba. Usihoji kwa nini. Hesabuni deni lililobaki, lilipe kwa hizo pesa za Muscat, na mwambie ahsante kwa mdomo wako. Kesho alfajiri amka wewe, mwache yeye alale, umpeleke mdogo kwenye gari la shule. Atalia siku ya kwanza, pengine na ya pili. Usimlazimishe kukushika mkono. Mbebee begi tu, utembee pembeni yake.