Maswali ya Wasomaji: Risasi za nakala ya Springfield 1873

SWALI: Niko Marekani, nina nakala mpya ya bunduki ya Springfield ya 1873, ya risasi za saizi ya .45-70, iliyotengenezwa Italia. Chuma ni cha kisasa. Naweza kutumia risasi zenye nguvu zaidi?

JIBU: Hapana, tafadhali. Chuma kimebadilika, lakini kifuniko cha chemba (tundu risasi inapokaa) bado ni kilekile cha bawaba na komeo dogo. Kikomo cha shinikizo la .45-70 kilichowekwa na SAAMI, shirika la Marekani la viwango vya risasi, ni psi 28,000, takriban bar 1,930. Risasi ya asili ilikuwa na greni 70 (kipimo cha uzito) za baruti nyeusi, ile ya zamani, na kichwa cha greni 405.

Hatari ni kwamba duka hilohilo huuza pia .45-70 za bunduki za kisasa zenye nguvu, zinazozidi kikomo hicho sana, na zote huingia chemba ileile bila kukwama. Soma boksi: likitaja bunduki za kisasa pekee, rudisha.

Usingoje fataki ya ganda iwe bapa kwa shinikizo ndipo ushtuke. Komeo linaweza kuachia kabla ganda halijaonyesha dalili yoyote. Kagua pia mhuri wa mtutu: herufi PN (kwa Kiitaliano, polvere nera) humaanisha baruti nyeusi tu.