Maji Kidogo Kwenye Gari-Nyumba: Tafuta Kinachobana Kabla ya Kuongeza Presha

Bafu likidondosha maji kidogo tu badala ya kuyamwaga, mkono huenda kwenye skrubu ya regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya maji yanayoingia kwenye gari. Usiikaze kwanza. Presha na wingi wa maji ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakopasua mabomba.

Magari-nyumba mengi yanataka presha ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 40 hadi 60. Bomba la kambini linaweza kupita 80, hasa usiku wakati watu wachache wanatumia maji. Funga regyuleta kwenye koki ya kambi yenyewe, kabla ya mpira wa maji, ili mpira nao ulindwe. Chukua yenye geji na skrubu, uiweke 45 au 50. Regyuleta ndogo za shaba zisizorekebishwa zina tundu jembamba, zinanyima maji hata presha ikiwa nzuri.

Sasa pima. Fungua bafu, mtu mwingine aangalie geji iliyo upande wa kutokea wa regyuleta. Sindano ikianguka sana, tatizo liko nyuma: koki haijafunguliwa yote, kambi haina maji ya kutosha, au regyuleta inabana. Ikibaki karibu palepale na bafu bado linadondosha, kizuizi kiko mbele, na hapo ndipo kazi ilipo.

Anza na chujio. Litoe, jaribu maji bila hilo, yakirudi, badilisha. Kisha kagua mpira kama umekunjika au umekanyagwa na tairi. Halafu nenda kwenye mdomo wa kuingizia maji ubavuni mwa gari: ndani yake kuna kiwavu kidogo kinachojaa mchanga na vipande vya kutu. Funga koki ya kambi na ufungue bomba la ndani mpaka liache kutoa maji kabla hujakigusa, kwa sababu nyuma yake kuna valvu ya kuzuia maji kurudi, na ukikichomoa presha ikiwa bado ipo utaiharibu. Mwisho, fungua vichujio vya midomo ya mabomba na kichwa cha bafu. Ukoko mweupe hulainika ukivilowesha katika siki kwa saa chache.

Maji ya moto peke yake yakiwa hafifu, angalia koki za hita ya maji. Mara nyingi moja imeachwa nusu.

Na tangi la maji la gari likijijaza lenyewe ukiwa kwenye maji ya kambi, valvu ya pampu ya gari inavuja. Hiyo ishughulikie siku hiyohiyo, maana tangi likifurika maji huingia chini ya sakafu.