Mmweko wa pulsa hauna habari na nyota yako ya biashara

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kuna mganga katuambia nyota iliyokufa inayozunguka nyota kubwa italipuka Ijumaa usiku, na mionzi yake itafunga nyota zetu za biashara. Kinga anauza shilingi 30,000. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, dada. Nyota hiyo ipo. Mganga kaokota nusu ya ukweli akaishonea hirizi. Ni pulsa PSR B1259-63; pulsa ni kiini cha nyota iliyokufa, kinachojizungusha kasi na kurusha mapigo ya redio. Hailipuki. Kila siku 1,237 hivi huikaribia nyota kubwa, LS 2883, na kulikata diski lake la gesi mara mbili, kama mtumbwi unaopasua magugumaji kwenda na kurudi. Upepo wa pulsa ukigongana na gesi ile, miale hupanda.

Ila mmweko mkubwa wa gama, miale yenye nguvu kuliko hata ya eksirei, hauji wakati pulsa inapita karibu, huja nyuma yake. Fermi, setilaiti inayochunguza gama, iliuona kwanza Januari 2011, siku 30 hivi baada ya pulsa kupita karibu kabisa. Mwaka 2017 ulichelewa hadi siku 40 na ushei, 2021 zaidi ya 50. Kwa nini? Wataalamu bado wanabishana. Kupita karibu kunapigiwa hesabu (kulikuwa Juni 2024, kutarudi Novemba 2027), lakini siku ya mmweko hawawezi kuitaja hata wanaokesha na vyombo. Huyu kaitaja Ijumaa, tena usiku!

Mionzi yenyewe inatoka umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 8,000, na angahewa huizuia. Hata H.E.S.S., darubini za kuchunguza gama kule Namibia, hunasa tu mmeremeto wa samawati ambao gama huacha ikifia hewani. Dagaa wako wanaumizwa zaidi na mvua ya ghafla.

Kinachonichosha ni hili neno nyota. Kwetu ni ya angani, na ni bahati ya mtu pia, na matapeli wote hupenyea mwanya huo: leo pulsa, kesho kupatwa kwa mwezi, keshokutwa stika ya kubandika kwenye simu “inyonye mionzi”. Anayedai kupima mionzi mwombe namba, halafu kizio chake. Niliwahi kumuuliza mmoja pale stendi anapima kwa kizio gani. Akanijibu, “Kwa nguvu.”