Kitabu cha kwanza cha Kijapani: kabla hujatoa hela

Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na kwa sikio letu hazina ugeni. Ndiyo maana kitabu changu cha kwanza, nilichokinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika, kilinilevya. Kilikuwa na herufi za Kirumi mwanzo hadi mwisho, nami nikakisoma kama gazeti. "Watashi wa gakusei desu", mimi ni mwanafunzi. Kumbe rahisi hivi! Miezi minne baadaye nikashikishwa menyu ya Kijapani, sikutambua hata herufi moja.

Kwa hiyo ukikishika kitabu, kifungue somo la tano au la sita. Ukikuta bado ni romaji tupu, yaani Kijapani kwa herufi za Kirumi, kirudishe. Hiragana, herufi za Kijapani za kuanzia, za msingi ni 46 tu. Mimi zilinichukua wiki mbili, daftari na kalamu ya risasi. Genki, kitabu cha wanaoanza, inakubembeleza kwa romaji masomo ya mwanzo, kisha inakuachisha ziwa.

Kitabu kisicho na sauti za kusikiliza nacho kipite. "Obasan" ni shangazi au mama wa makamo, "obaasan" ni bibi kizee. Sisi tumezoea kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho, basi kila "obasan" yangu ilitoka "obaasan". Nilimwamkia mama wa watu kwa adabu zote, kumbe namzeesha.

Minna no Nihongo kitabu chake kikuu ni Kijapani kitupu. Tafsiri na maelezo ya sarufi yamo katika kitabu kingine kinachouzwa peke yake. Mwenye mwalimu atakifurahia. Genki inaeleza kwa Kiingereza, ila mazoezi mengi ni ya watu wawili. Mimi nilikuwa najiuliza na kujijibu chumbani, mpaka dada akagonga mlango kuuliza nina mgeni gani. (Daftari lake la mazoezi nalo ni bei nyingine, lipigie hesabu.)

Kama mfuko umetoboka, kuna Irodori, kitabu cha Japan Foundation (taasisi ya Japani ya lugha na utamaduni), unaipakua bure pamoja na sauti zake. Imetungwa kwa wageni wanaoishi na kufanya kazi Japani, hivyo utakutana na maneno ya dukani na kazini mapema. Ningekuwa naanza leo ningejipima nayo miezi miwili, nione kama hamu yenyewe ni ya kweli au ni ya katuni tu, ndipo niende dukani.