Muulize Fundi: Mbuzi ya Nazi, Printa ya 3D na Mlango wa Kuchonga

SWALI: Natengeneza vifaa vya jikoni vya mbao hapa Ngamiani, Tanga, na nataka kutoa mbuzi ya kukunia nazi ya umbo jipya. Nikitafuta mawazo kwenye simu naishia kuiga viti vya Ulaya. Nimepata printa ya 3D pia, lakini vipande vinatoka na nyuzinyuzi, na pini niliyochapa ikiwa wima ilikatika siku ileile. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia jikoni kwa watu. Azima mbuzi tatu nne zilizotumika miaka mingi, hata zilizotupwa uani, maana iliyochakaa ina mengi ya kukufunza kuliko mpya. Kwenye mbuzi ya kukunja, mbao mbili zinapishana na kushikwa na pini moja. Tundu la pini ndilo linalotanuka, kiti kikaanza kucheza. Mkunaji hatulii: kila akizungusha kifuu mwili unakwenda mbele na kurudi, na mzigo huo unaishia pale tunduni. Tazama pia chuma kinapoingia kwenye mbao. Tui na maji hujificha hapo, kutu ikaanzia hapo.

Kisha mketishe mtu akune nazi nzima huku wewe unapima: kimo cha kiti kutoka sakafuni, umbali kutoka ukingo wa kiti hadi kwenye meno, nafasi kati ya meno na sinia. Rudia kwa watu watano wa vimo tofauti. Ukishaona nani anajikunja mgongo na nani anakaa upande kwa sababu ya goti, umbo jipya umeshalipata nusu.

Kata mfano wa boksi gumu kwa kipimo kamili kabla ya kuwasha kompyuta. Baada ya hapo chora kwa FreeCAD, programu ya bure isiyohitaji intaneti ukishaisakinisha. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Vipimo viandike kwenye jedwali la ndani ya programu na uviunganishe na mchoro. Hapo ukibadili kimo cha kiti mara moja, miguu nayo inafuata.

Sasa printa. Nyuzinyuzi mara nyingi ni unyevu. Plastiki inanyonya unyevu wa hewa ya pwani, na ikipita kwenye pua ya moto maji yanageuka mvuke. Utaisikia ikitatarika kama mafuta yenye maji. Kausha PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa hizi, kwa nyuzi joto 45 hadi 50 kwa saa nne hadi sita, kisha ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Oveni ya jikoni iache: joto lake linapanda na kushuka, na PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60. Kwa sababu hiyohiyo usiache vipande ndani ya gari juani.

Pini ilikatika kwa sababu uliichapa ikiwa wima. Tabaka zinashikana kwa udhaifu, nayo hukatika hapo kama muwa kwenye pingili. Ukiilaza inapata nguvu zaidi, lakini pini ya kubeba mtu usiichape kabisa. Tia bolti ya milimita 8 ya chuma kisichoshika kutu, na washa (pete bapa za chuma) pande zote. Printa itumie kujaribia kiungo peke yake, si mbuzi nzima, na kuchapa kiongozi cha kutobolea ili matundu ya mbao zote mbili yalingane. Matundu ya printa hutoka madogo kidogo, kwa hiyo la bolti ya 8 lichore 8.3, ujaribu, ndipo uongeze. Na chochote kinachogusa nazi kisiwe cha kuchapwa, kwani mifereji ya tabaka hushika tui na haisafishiki vizuri.

SWALI: Niko Bagamoyo. Naweza kuchukua nakshi ya mlango wa zamani kwa simu niitumie kwenye taa ninazobuni?

JIBU: Unaweza, ukimwomba mwenye nyumba kwanza. Piga picha 60 hadi 100 asubuhi mlango ukiwa kivulini, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia, na rula ibaki imebandikwa pembeni ili upate kipimo. Mbao iliyopakwa vanishi inayong'aa huvuruga hesabu za programu inayogeuza picha hizo kuwa umbo la 3D. Ukishapata umbo, usilibandike zima kwenye taa. Chagua mkondo mmoja, kwa mfano mnyororo wa ukingoni, na usiupunguze hadi mistari iwe chini ya milimita moja, kwa sababu pua ya printa ya milimita 0.4 itaimeza.